Chiara: asili, matamshi na matumizi

Chiara ni jina la kike la Kiitaliano. Limetokana na neno la Kilatini clara, umbo la kike la kivumishi clarus, chenye maana ya “angavu”, “wazi” na pia “mashuhuri”. Katika Kiitaliano, cl ya Kilatini mwanzoni mwa neno aghalabu iligeuka chi: clavis (ufunguo) likawa chiave, na clamare (kuita kwa sauti) likawa chiamare. Kwa njia hiyohiyo, Clara likawa Chiara. Asili yake ni moja na ya Claire la Kifaransa.

Jina hili lilipata heshima kubwa kupitia Chiara wa Assisi, mfuasi wa Fransisko na mwanzilishi wa shirika la watawa Waklara. Alifariki mwaka 1253, akatangazwa mtakatifu mwaka 1255.

Matamshi

Chiara hutamkwa Kiara, mkazo ukiwa kwenye a ya kwanza. Msomaji wa Kiswahili hudhani kuwa ch hapa ni ile ya chakula, lakini katika Kiitaliano h huwekwa kati ya c na i au e ili kuhifadhi sauti k. Sauti ch hupatikana pale c inapotangulia i au e bila h. Kwa hiyo Lucia ndilo hutamkwa Luchia.

Matumizi katika tafsiri

Kiswahili cha Kanisa Katoliki kimezoea umbo Klara: Mtakatifu Klara wa Asizi. Kwa watu wengine, pamoja na wahusika wa riwaya, jina hubaki Chiara. Halifasiriwi kuwa Nuru, wala haliandikwi Kiara isipokuwa katika kuonyesha matamshi.

Ugumu hutokea maumbo yote mawili yanapokutana. Chiara Lubich (1920–2008), mwanzilishi wa Focolare, alibatizwa Silvia, kisha akajichagulia jina Chiara kwa kumheshimu mtakatifu huyo. Mfasiri akiandika tu kwamba “Chiara alichagua jina hilo kwa heshima ya Mtakatifu Klara”, msomaji haoni uhusiano wowote kati ya majina hayo. Maneno machache hutosha kuurudisha: “alijichagulia jina Chiara, ambalo ndilo Klara kwa Kiitaliano”. Ufafanuzi huo ukitolewa mara ya kwanza, hauna haja ya kurudiwa.