MTOTO NA UDONGO

Mama amwonapo mwanawe akifinyanga vyungu vya matope chini ya mwembe, mara nyingi humkemea asijichafue. Karipio hilo lina sababu, kwani udongo waweza kuwa na mayai ya minyoo. Hata hivyo, utafiti umeonyesha kwamba udongo huo huo huenda ukausaidia mwili wa mtoto. Yafaa basi kujua ni upi unaofaa na ni upi unaodhuru.

Mwanzo wa Dhana

Mwaka 1989 mtafiti David Strachan alichambua habari za watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958. Aligundua kwamba mtoto mwenye ndugu wengi, hasa wakubwa wake, hakupatwa sana na mafua yaletwayo na chavua. Alidhani kwamba maambukizo ambayo ndugu hupeana utotoni ndiyo yaliyomkinga.

Baadaye dhana hiyo ilirekebishwa. Mwaka 2003 Graham Rook na wenzake walieleza kwamba surua na maradhi mengine ya namna hiyo hayahitajiki. Vinavyohitajika ni vijidudu visivyodhuru ambavyo binadamu ameishi navyo tangu kale, katika udongo, maji na miongoni mwa wanyama. Waliviita "marafiki wa zamani".

Kinga ya mwili yaweza kulinganishwa na kikosi cha mgambo. Askari hufunzwa kupambana na adui, na hufunzwa pia kumtambua raia mwema. Vivyo hivyo, zipo chembe nyeupe za damu zinazoshambulia, na zipo nyingine zinazotuliza mashambulizi. Zile za pili zisipofanya kazi yake ipasavyo, mwili huweza kupigana na chavua au chakula, au hata na viungo vyake wenyewe. Ndipo yatokeapo maradhi ya mzio, baadhi ya aina za pumu, na ile aina ya kisukari ambayo huanza hasa utotoni.

Jaribio la Finland

Finland ni miongoni mwa nchi ambazo kisukari hicho huwashika watoto wengi zaidi duniani. Huko, katika miji ya Lahti na Tampere, wataalamu walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 2020. Katika baadhi ya shule za chekechea ambazo viwanja vyake vilikuwa vya kokoto, walitandaza tabaka la juu la ardhi ya msitu, pamoja na mimea yake, na nyasi zenye udongo wake. Waliweka pia masanduku ya kupandia mimea. Watoto waliachwa wachimbe, wapande na kucheza wapendavyo.

Watoto 75 wa umri wa miaka 3 hadi 5 walichunguzwa. Baada ya siku 28, wale waliocheza katika viwanja vilivyobadilishwa walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria kwenye ngozi zao, na damu yao ilionyesha dalili kwamba uwezo wa kutuliza kinga umeongezeka. Watoto hao walikuwa wachache, na jaribio halikupima kama waliepukana na ugonjwa wowote. Kwa hiyo ni ishara njema, wala si tiba iliyothibitishwa.

Tahadhari

Katika Afrika Mashariki hali ina upande wa pili. Palipo na kinyesi, mabuu ya safura hupenya ngozi ya nyayo, na mayai ya minyoo mingine huingia kinywani kwa mikono michafu. Maji yaliyotuama huweza kuwa na konokono wa kichocho, na jeraha lenye udongo huweza kuleta pepopunda.

Maradhi hayo huzuiwa kwa choo kizuri, viatu, sabuni kabla ya kula, chanjo, na dawa za minyoo zitolewazo shuleni. Mambo hayo yakitimizwa, mwembe ulio uani, bustani ya mchicha na kichaka cha karibu ni viwanja vya mchezo visivyohitaji gharama. Mijini, ambako nyua nyingi zimesakafiwa kwa saruji na viwanja vya wazi vimejengwa, mzazi na mwalimu hawana budi kumtengea mtoto walau kipande cha ardhi yenye mimea. Achimbe humo, kisha anawe mikono.