Kwa Beca Katika Mitaa ya George Town

Pepo za kaskazi na kusi, ambazo watu wa Lamu, Mombasa na Unguja walizihesabu kwa karne nyingi kuwa ndiyo kalenda ya maisha yao, hazikuwa milki ya pwani yetu peke yake. Zilivuma pia upande wa pili wa Bahari ya Hindi, zikawaleta Wachina kwa majunki yao katika msimu mmoja, na Wahindi na Waarabu kwa merikebu zao katika msimu mwingine, hata wote wakakutana penye kinywa cha kaskazini cha Mlango-Bahari wa Malaka. Hapo ndipo kilipo kisiwa cha Penang, na katika ncha yake ya kaskazini-mashariki umekaa mji wa George Town, ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Penang katika dola ya Malaysia. Mwaka 2008 mji huo, pamoja na mwenzake wa Malaka, uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na kiini cha eneo lililohifadhiwa hapo George Town hakizidi sana hekta 109. Mji mdogo namna hiyo, wenye mambo mengi namna hiyo, hautaki motokaa. Na maadamu jua la huko ni kali na miguu ya mgeni huchoka upesi, sijui chombo kinachoufaa zaidi ya beca.

Beca ni baiskeli ya magurudumu matatu ya kuchukulia abiria. Magurudumu mawili yako mbele, na juu yake kimewekwa kiti cha watu wawili chenye turubai la kukunjwa. La tatu liko nyuma, na hapo hukaa mwendeshaji juu ya tandiko, akikanyaga pedeli huku abiria wake wakiwa mbele ya macho yake. Kwa jambo hilo beca ya Penang imeachana na ile ya Malaka na ya Singapore, ambako abiria huketi ubavuni mwa mwendeshaji. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa mtu aliyekuja kutazama ni kubwa, kwa kuwa hakuna mgongo unaomkinga, barabara yote i wazi mbele yake, na maelezo ya mwenyeji humjia kwa nyuma, karibu na sikio, bila ya kupigiwa kelele.

Kabla ya chombo hiki palikuwa na riksho ya kukokotwa na mtu aendaye kwa miguu, iliyoanza Japani karibu na mwaka 1869 na kuenea katika bandari za Malaya katika miaka ya 1880. Waliokokota walikuwa aghalabu vijana mafukara kutoka kusini ya China, na wengi wao walimaliza nguvu na umri wao baina ya vipini viwili vya mbao. Ilipokuja pedeli, fedheha ya mwanadamu kufungwa mahali pa mnyama iliondoka, ijapokuwa jasho halikuondoka. Katika miaka ya utawala wa Wajapani, tangu Desemba 1941 hadi 1945, ambapo petroli ilikuwa adimu, beca ilitegemewa sana na watu wa mji, na baada ya vita iliendelea kwa miongo mingi kuwapeleka watoto shuleni na kina mama sokoni. Mgeni mwenye kamera ni abiria wa siku za karibuni tu.

Waendeshaji hupatikana karibu na hoteli za Penang Road na Lebuh Chulia. Nauli huhesabiwa kwa saa, na ni uungwana kupatana kabla ya kupanda, kutaja mahali mtakapo kupita, na kusema kama mwendeshaji atasubiri mnaposhuka. Saa moja yatosha kwa mzunguko wa kwanza, na wakati mwema ni asubuhi mapema au baada ya alasiri, jua linapokuwa limelegea. Wengi wa watu hawa ni wa umri mkubwa, na vijana wa mji humwita mwanamume wa makamo hayo pakcik kwa taadhima. Mgeni naye na afanye hivyo. Kupunguza nauli kwa ubishi mrefu, kisha kuketi kivulini huku mzee akipanda mwinuko, ni jambo lisilomstahili mtu aliyelelewa vyema.

Safari huanza mara nyingi upande wa bahari, penye Ngome ya Cornwallis. Mwaka 1786 Francis Light, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya India Mashariki, alishuka hapo na kukitwaa kisiwa kwa jina la mfalme wake George wa Tatu. Ngome ya kwanza ilikuwa ya magogo ya mnibungi, jamii ya mitende ya huko. Ya matofali, iionekanayo leo, ilijengwa baadaye kwa mikono ya wafungwa wa Kihindi. Mwenyeji wa Mombasa, ambaye ngome yake ilijengwa na Wareno tangu mwaka 1593 na kupigiwa vita mara kwa mara, atastaajabu kusikia kwamba hii ya Penang haikupata hata mara moja kupigana na adui. Juu ya ukuta wake umekaa mzinga uitwao Seri Rambai, uliosubiwa na Waholanzi mwaka 1603, ukaenda Johor kwa hidaya, ukachukuliwa Aceh kwa nguvu, na mwisho ukaletwa Penang. Na zamani wanawake waliotamani mtoto walikuwa wakitia maua katika kinywa chake na kuomba.

Lakini kisa cha kisiwa hakianzi na Light, na msafiri asikubali kuambiwa hivyo. Penang ilikuwa mali ya Sultani wa Kedah, naye aliitoa kwa taraji kwamba Waingereza wangemlinda na adui zake wa Siam. Ahadi hiyo ya ulinzi haikutimizwa. Mwaka 1791 Sultani Abdullah alikusanya watu wake ili akirudishe kisiwa, akashindwa, na akalazimika kutia sahihi mkataba wa kulipwa reale 6,000 za Kihispania kila mwaka. Light alikuwa amekwisha kuifanya bandari kuwa huru, isiyotoza ushuru, na kwa ajili hiyo watu wakamiminika kutoka kila upande. Kampuni nayo ilitamani kuvunja ukiritimba wa Waholanzi katika viungo, ikaleta miche ya karafuu na ya kungumanga kutoka visiwa vya Maluku mwishoni mwa karne ya 18. Karafuu za Unguja na Pemba zilitoka asili hiyohiyo ya Maluku, ila zilikuja kwa njia nyingine, kupitia mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Mauritius na Réunion. Na mwisho wa yote ni Unguja na Pemba zilizojipatia jina la karafuu duniani.

Karibu na ngome umesimama mnara wa saa wenye urefu wa futi 60, futi moja kwa kila mwaka wa enzi ya Malkia Victoria hadi 1897. Uligharimiwa na tajiri wa Kichina, Cheah Chen Eok, na tangu mabomu ya Vita Kuu ya Pili umeinama kidogo. Hapo pa kutazama tu na kupita.

Beca ikigeuka na kuingia Jalan Masjid Kapitan Keling, msafiri amefika penye moyo wa mji. Katika mwendo wa dakika chache za pedeli atapita mbele ya kanisa la Mtakatifu George la mwaka 1818, nalo lilijengwa na wafungwa wa Kihindi. Mbele ya hekalu la Wachina la Kuan Yin, lenye moshi wa udi usiokoma. Nyuma ya hekalu la Wahindu la Sri Mahamariamman la mwaka 1833. Na mwisho mbele ya msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa mwaka 1801 na Cauder Mohideen, mkuu wa Waislamu waliotoka pwani ya kusini ya India, juu ya ardhi iliyotolewa na Kampuni. Kuba zake ni za ukarabati wa karne ya 20. Watu wa utalii wameupa mtaa huu jina la Mtaa wa Maelewano, na kwa hakika si jambo dogo kwamba nyumba nne za ibada zimekaa jirani kwa karibu miaka mia mbili.

Mbele ya maduka ya pande zote mbili unapita ujia wenye paa, wa upana wa kama futi tano, ambao ni wa mwenye nyumba na wa mpita njia kwa pamoja. Hapo wazee huketi kwa magazeti yao, mshona viatu huweka kiti chake, na paka hulala. Ndiyo baraza yetu ya pwani iliyounganishwa kutoka nyumba hadi nyumba mpaka ikawa barabara.

Sehemu inigusayo kuliko zote ni Lebuh Aceh. Mwaka 1808 Tengku Syed Hussain al-Aidid, mfanyabiashara wa Aceh mwenye nasaba ya masharifu wa Hadhramaut, alijenga hapo msikiti wenye mnara wa pembe nane, na kuuzunguka kukakua mtaa wa wauza pilipili manga, wachapishaji wa vitabu vya dini na wakala wa mahujaji. Waislamu wa Sumatra, wa kusini ya Siam na wa kaskazini ya Malaya walikusanyika hapo kusubiri meli za Jeddah. Walikaa majuma, wakanunua masanduku na nguo za ihramu, wakaagana na jamaa zao kwa machozi, hata mtaa ukaitwa Jeddah ya pili. Hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1970, safari za bahari zilipokoma na ndege zikachukua mahali pake.

Msomaji wa pwani yetu hapo hayuko ugenini. Masharifu waliokwenda Aceh, Penang na Kedah walitoka katika mabonde yaleyale ya Hadhramaut yaliyotuletea masharifu wa Pate, Lamu na Ngazija. Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha huko Lamu, alikuwa wa ukoo wa Jamal al-Layl; na watawala wa Perlis, jimbo dogo lililo kaskazini ya Penang na lililokuwa zamani sehemu ya Kedah, ni wa ukoo huohuo hadi leo. Bahari moja ilizaa matawi mawili ya nasaba moja, moja likasema Kiswahili na la pili Kimalei.

Katika mnara wa msikiti wa Lebuh Aceh kuna tundu la duara, na husimuliwa kwamba lilitobolewa na risasi ya mzinga katika fitina ya mwaka 1867. Mwaka huo vyama viwili vya siri vya Wachina, Ghee Hin na Tua Pek Kong, vilipigana mitaani kwa siku kama kumi. Lakini haikuwa vita ya kabila na kabila, kwa kuwa kila chama cha Kichina kilikuwa na Waislamu wake, hawa wa Bendera Nyeupe na hawa wa Bendera Nyekundu, na kiongozi wa Bendera Nyekundu alikuwa Syed Mohamed Alatas, mfanyabiashara mwenye asili ya Kiarabu, ambaye nyumba yake bado imesimama katika mtaa wa Armenia. Kwa hiyo maelewano ya mji huu hayakushuka kutoka mbinguni, na mgawanyo wake wa zamani haukufuata rangi wala dini; ulifuata mali, ujirani na viapo.

Mtaa wa Armenia wenyewe una mengine. Katika nyumba namba 120 mwanamapinduzi wa China Sun Yat-sen aliweka makao ya chama chake mwaka 1910, wakapanga maasi ya Guangzhou ya mwaka uliofuata. Jirani yake ni Khoo Kongsi, nyumba ya ukoo iliyokamilishwa mwaka 1906 baada ya ile ya kwanza kuungua mwaka 1901; wakasema mbingu ziliona wivu kwa fahari yake, wakaijenga ya pili kwa kiasi. Watu wengi zaidi hujipanga penye picha ya ukutani ya watoto wawili juu ya baiskeli ya kweli, iliyochorwa na Ernest Zacharevic wa Lithuania mwaka 2012. Ni picha nzuri, lakini foleni yake huila saa ya msafiri, nami nashauri apite.

Mzunguko hukoma aghalabu katika Pengkalan Weld, penye gati za koo, ambapo vizazi vya wavuvi na wachukuzi wa Kichina vimejenga nyumba za mbao juu ya nguzo zilizosimama baharini. Beca haiingii, abiria huteremka na kutembea juu ya mbao za gati ya ukoo wa Chew, akikumbuka kwamba milango iliyo wazi ni ya nyumba za watu.

Lipo jambo ambalo mwendeshaji wa beca hulijua, na ambalo halikuandikwa katika vibao vya shaba. Sheria ya mwaka 1966 iliyozuia kupandishwa kwa kodi za nyumba za zamani ilifutwa, na tangu Januari 2000 wenye nyumba wakawa huru kudai watakacho. Mafundi wa vikapu, wachonga vibao vya mababu, washonaji na wauza dawa za miti, waliokaa vizazi viwili au vitatu katika vyumba hivyo, wakahamia katika majengo marefu nje ya mji, na nyumba zao zikawa hoteli na mikahawa. Kuta zimehifadhiwa vizuri, wakazi hawakuhifadhiwa. Lakini mzee aliyewapeleka watoto wa mtaa shuleni miaka arubaini iliyopita ajua ni nani alikaa nyuma ya kila mlango, alikuwa akiuza nini, aligombana na nani, na amehamia wapi. Basi hayo ndiyo ya kumwuliza, kwa kuwa mwaka wa kujengwa kwa msikiti au hekalu umekwisha kuandikwa ukutani. Vijana hawaichukui kazi hii, na wazee hupungua mwaka hata mwaka. Baraza la mji, ambalo limegharimia chokaa na vigae kwa fedha nyingi, lingetenda haki kama lingeyaandika maneno ya waendeshaji hawa sasa, mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba, wakati wenyewe bado wako kazini.