Kwa Nini Sangara Hacheui

Msomaji wa Bukoba ameniletea swali ambalo halijanitoka kichwani wiki nzima. Aliingia ziwani na wageni waliokuja kuvua kwa kujiburudisha, wakampata sangara mrefu kama mtoto wa chekechea, wakampiga picha, wakamwachia. Samaki hakuzama. Alielea chali, na kitu cha rangi ya waridi kimemtoka mdomoni kama ulimi uliovimba. "Tulimkosea nini?"

Kile cha waridi ni mfuko wake wa chakula, umesukumwa nje na bondo. Wapo wanaoliita bondo "kibofu cha kuogelea". Jina hilo silipendi: samaki haogelei nalo, na kibofu kwetu ni cha mkojo. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanasema bondo, na wanunuzi wa mabondo makavu yaendayo Asia hulipa zaidi kwa kilo kuliko minofu. Neno lipo, tena lina bei.

Bondo ni mfuko wa gesi unaomwezesha samaki kutulia majini bila kuzama wala kuibuka. Trauti wa mito ya Mlima Kenya ana mrija kutoka kwenye bondo hadi kooni. Gesi ikizidi, anacheua. Sangara hana mrija huo. Basi hulijazaje? Kwa damu, na hapa ndipo raha ilipo.

Ukutani mwa bondo kuna tezi inayomwaga asidi ya laktiki kwenye damu. Himoglobini ya samaki ikikutana na asidi huachia oksijeni, tabia aliyoieleza mtafiti R. W. Root mwaka 1931. Oksijeni inaingia kwenye bondo. Mbona haitoroki na damu inayotoka? Inazuiwa na kapilari chungu nzima, za kuingia na za kutoka, zilizolala ubavu kwa ubavu. Kilatini huziita "wavu wa ajabu", jina lisilomweleza mtu chochote. Nilifikiria "wavu wa kupishana", lakini kupishana ni kupita tu. Nasema wavu wa kupokezana.

Chukua wachukuzi wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, kwenye ujia mwembamba. Foleni moja inaingiza magunia ya dagaa ghalani, nyingine inatoka. Kila anayetoka na gunia anakutana bega kwa bega na anayeingia mwenye nafasi, anamtwisha, na gunia linarudi ndani. Akifika nje hana kitu. Kutwa nzima magunia yanaingia, hakuna linalotoka, mpaka mabati ya ghala yanatuna, ingawa hakuna aliyebeba mzigo wa ajabu. Na ujia ukiwa mrefu zaidi, wanaokutana ni wengi zaidi; ndiyo maana samaki wa vilindini baharini wana kapilari ndefu mno.

Ghala la namna hiyo halimwagiki upesi. Sangara huhitaji saa nyingi kupunguza gesi, nanyi mlimvuta kwa dakika chache. Kutoka mita 30 hadi juu, gesi hutanuka zaidi ya mara nne. Kwenye maji ya kina kifupi shida ni ndogo.

Inaniuma kwa sababu sangara wakubwa kwa kawaida ni majike, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni. Nchi za ziwa hili ziliwahi kuweka kipimo cha sangara wa kuvuliwa, sentimita 50 hadi 85, ili wakubwa wabaki watage. Anayeelea chali hatagi. Huyo ni wa jua na furukombe.

Mrudisheni alikotoka. Tafuteni chubwi la kilo kadhaa, mlifunge na ndoana iliyosagwa mwiba, ncha ikitazama chini, muipachike kwenye taya la chini. Ule mfuko wa waridi msiutoboe. Teremsheni mshipi polepole. Kadiri anavyoshuka, gesi inabanwa na mfuko unarudi ndani wenyewe. Ukifika mita 20 hivi, uvuteni kwa nguvu mara moja. Mtasikia mkononi mtikisiko mmoja au miwili, kisha uzito wa chubwi peke yake.