Programu ya kuandikiwa nje: mwenye mali nani?

Kampuni changa nyingi za teknolojia huanza na wazo na mtaji mdogo, lakini hazina mtu wa kuandika programu. Njia ya haraka ni kuipa kazi hiyo kampuni ya nje kwa mkataba. Gharama hupungua kwa vile hakuna mishahara ya kudumu, na bidhaa huwahi kufika sokoni. Hata hivyo, kwa mwekezaji swali kubwa si bei ya kazi, bali ni nani atakayeimiliki programu ikikamilika.

Kisa cha Skype kinaonyesha hatari ya kutegemea programu ya mwingine. Huduma hiyo ya simu kwa njia ya intaneti ilianzishwa mwaka 2003 na Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na programu yake ikaandikwa na wataalamu wa Estonia. Lakini sehemu ya msingi, iliyounganisha kompyuta za wateja, ilikuwa mali ya Joltid, kampuni nyingine ya waanzilishi hao. Skype iliitumia kwa leseni tu.

Mwaka 2005 eBay ya Marekani iliinunua Skype kwa dola bilioni 2.6, lakini sehemu hiyo haikuuzwa. Mwaka 2009, eBay ilipotaka kuuza hisa nyingi za Skype, Joltid ilikwenda mahakamani ikidai leseni imevunjwa. Skype ikawa kama duka lenye wateja tele katika nyumba ya kupanga, huku mwenye nyumba akidai funguo.

Pande zote zilipatana Novemba mwaka huo. Waanzilishi walipata asilimia 14 ya hisa, na Skype ikapata umiliki wa programu. Mwaka 2011 Microsoft iliinunua Skype kwa dola bilioni 8.5. Kwa bei hiyo, asilimia 14 ni karibu dola bilioni 1.2.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, programu iliyoandikwa na mtu wa nje kwa kawaida hubaki yake hadi atie saini hati ya kuihamisha. Kulipa ankara peke yake hakutoshi.

Kabla ya kununua hisa za kampuni changa, mwekezaji aombe kuona hati hiyo, nakala kamili ya maandishi ya programu, na orodha ya sehemu zinazotumiwa kwa leseni. Mali bila daftari hupotea bila habari.