Hivyo Vyeo vya Kadeti wa Ndege Hupatikanaje, na Ukiwa Daraja Mbili Unaanzia Wapi?

Kama uko na watu majuu, hii picha lazima umeiona. Mtoto wa anti yako kule Minnesota, miaka 14, amevaa yunifomu ya buluu, kifuani ako na vitepe vya rangi, cheo kimekaa poa, na mzee mmoja mzungu anampa mkono. Picha inaingia kwa grupu ya familia asubuhi. Kufika saa nne, wamama wa ndizi pale soko ya Daraja Mbili washajua, na magokoro anaambia jirani kwamba mjukuu wake ni pilot wa jeshi la Marekani.

Tulia kwanza. Huyo mtoi hajakuwa pilot, na jeshini hayuko. Lakini pia usimcheke, juu hicho cheo hakuokota. Wacha nikushow vile hii maneno inaenda, ndio siku mtu akikuja na stori ya "kadeti" huku kwetu ujue ni gani ya ukweli na ni gani ya kukukula doo.

Kama kwa yunifomu imeandikwa Civil Air Patrol, hiyo ni timu ya raia wa kujitolea inayosaidia jeshi la anga la Marekani. Ilianzishwa tarehe 1 Desemba 1941, siku sita tu kabla ya Pearl Harbor kupigwa. Wakubwa wao hutafuta ndege zilizopotea na kusaidia wakati wa majanga. Upande wa vijana, unaingia kuanzia miaka 12 kabla hujagonga 19, na unaweza kukaa kama kadeti hadi 21. Lazima uwe raia wa huko au uwe na makaratasi ya kuishi kabisa. Na vile Wakisii wamejaa Minnesota, si ajabu picha kama hizo kufika hadi huku.

Sasa vyeo. Hapa ndio watu wengi hupotea, wanadhani mtoto anapandishwa juu amependeza kwa gwaride. Hapana. Kila cheo kiko na mtihani wa uongozi au wa mambo ya ndege, mazoezi ya mwili yenye yanapimwa, na vikao vya kujadili tabia. Ukipita hii hatua leo, unangoja angalau siku 56 ndio uombe ingine. Hata uwe genius, hata mzee wako awe bosi wa kikosi, hizo siku zinakungoja.

Ngazi yenyewe iko na vituo vikubwa vitano, na kila kimoja kimepewa jina la mtu wa ndege. Cha kwanza ni Wright Brothers, hapo unakuwa sajenti. Kinafuata Mitchell, na hapo unaingia upande wa maofisa wa kadeti, luteni wa pili. Halafu Earhart, kapteni. Halafu Eaker, luteni kanali. Juu kabisa kuna Spaatz, kanali wa kadeti. Wenyewe husema ni kama asilimia 15 tu ya kadeti wanaofika Mitchell. Spaatz? Watu 5 kati ya 1,000. Na huo mtihani wa mwisho unapewa nafasi tatu pekee, ukianguka zote umemaliza.

(Kwa kando tu: Earhart ni Amelia Earhart, yule dada aliyepotea na ndege yake Pasifiki mwaka wa 1937. Sisi pia tuko na wetu. Beryl Markham alilelewa Njoro, na Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea Amerika, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo upande huo. Alitua vibaya Kanada, pua ya ndege ikazama kwa matope, akatoka anatembea.)

Kwa hivyo huyo kasini akifika Mitchell amepata nini? Kwanza, akiamua kujiunga na jeshi la anga la kwao, haanzi chini kabisa, anaruka hadi ngazi ya tatu ya askari wa kawaida. Pili, kadeti hupandishwa ndege ndogo mara kadhaa kuonja vile kuruka kunakaa. Na ako na karatasi ya kuonyesha chuoni. Kile hajapata ni laiseni ya kurusha ndege. "Kapteni" wa kadeti na kapteni wa Kenya Airways ni watu wawili tofauti kama dereva wa nduthi na mtu mwenye amevaa helmeti ya nduthi.

Sasa turudi kwetu. Wewe uko Daraja Mbili, chopa ukiiona ni ya mwanasiasa, na uwanja wa ndege ulio karibu ni Suneka. Hakuna mahali pale stage utapata ofisi ya kadeti wa ndege wa miaka 12. Lakini ngazi ziko, ni vile tu zimewekwa mahali tofauti, na mlango wa kila moja una sheria zake.

Ya kwanza ni ya watoto wa shule, na haina ndege, lakini kwa roho inafanana na ile ya majuu zaidi ya zote. Inaitwa President's Award, iko Kenya tangu 1966. Kuanzia miaka 14 hadi 24 unaweza kuingia. Kuna Bronze, Silver na Gold. Unafanya huduma kwa jamii, unajifunza ujuzi, unafanya michezo, na unaenda safari ya kujitegemea porini: Bronze ni siku mbili, Silver tatu, Gold siku nne na usiku tatu. Gold unaongeza kukaa na watu usiowajua kwa siku tano. Ukianza moja kwa moja na Gold, jipange mwaka mmoja na nusu. Ujuzi unachagua mwenyewe, so kama ndege ndio zinakubamba, soma hali ya hewa na ramani, mradi uwe na mtu mzima wa kukusimamia. Uliza mwalimu kama shule yenu iko ndani. Wengi hawaulizi, halafu wanashangaa kwa nini watoto wa shule za Nairobi wako na CV ndefu.

Ya pili ni kadeti mwenyewe mwenyewe, wa KDF. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka raia wa Kenya wa miaka 18 hadi 26, KCSE angalau B kavu, urefu usiopungua mita 1.60. Soma tangazo la mwaka wako, usitegemee screenshot ya mwaka juzi. Ukichukuliwa unaenda chuo cha jeshi pale Lanet, Nakuru. Ukiwa pale wewe ni kadeti tu, haujawa ofisa. Siku ya kufuzu Rais ndiye anakupa kamisheni, unatoka luteni wa pili, nyota moja begani. Baadhi ndio hutumwa jeshi la anga, na wachache kati ya hao ndio hufunzwa kurusha ndege.

Na kupanda baada ya hapo sio mbio. Mchukue Jenerali Francis Ogolla. Aliingia jeshini Aprili 1984, akapata nyota ya kwanza Mei 1985, akawa rubani wa ndege za vita. Nyota za jenerali kamili alivaa 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 39. Mwaka uliofuata, Aprili 18, helikopta aliyokuwa ndani ilianguka Elgeyo Marakwet, tukampoteza. Ama Fatuma Gaiti Ahmed: brigedia wa kwanza mwanamke Kenya mwaka wa 2015, meja jenerali 2018, na 2024 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jeshi la anga. Hakuna mahali kwa hiyo ngazi uliskia kuna mtu aliuziwa cheo.

Ndio maana nataka uskie hii vizuri. Kuingia KDF ni bure. Msee akikwambia ako na "slot ya kadeti" na anataka mzee auze ng'ombe ama kipande cha shamba, huyo ni mwizi ata kama amevaa suti na ako na picha na jenerali kwa simu. Barua zao ni feki. Kuna miaka vijana wamefika geti ya shule ya makuruti Eldoret na mabegi, nyumbani walishafanyiwa sherehe, wakashikwa hapo hapo na barua mkononi. Shamba limeenda, na kijana ndiye anaingia kwa gari ya polisi.

Ngazi ya tatu ni ya urubani wa kiraia. Hapa hakuna gwaride, kinachohesabiwa ni saa zako hewani. Laiseni ya binafsi: angalau miaka 17 na saa 40. Ya biashara, yenye unaweza kulipwa nayo: miaka 18, na kwa njia ya kawaida saa 200. Ya kuwa kapteni wa ndege kubwa: miaka 21 na saa 1,500. Shule nyingi ziko Wilson, Nairobi, na kila saa unalipia ndege, mafuta na mwalimu. Ni mamilioni, sikudanganyi.

Sasa, kosa lenye linauma familia nyingi ni kuanza na karo. Anza na daktari. Kwa laiseni ya biashara unahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Anapima moyo, masikio, macho, na kama unatofautisha rangi. Kuna chali ameishi miaka 20 bila kujua nyekundu na kijani zinamchanganya, juu kwa kuuza avokado haijawahi kumsumbua. Ni afadhali ajue hiyo siku moja Nairobi, kwa gharama ya vipimo na nauli, kuliko ajue shamba likiwa tayari na jina la mtu mwingine. Na akikataliwa hapo, ndege bado zinahitaji mafundi, na fundi haulizwi hicho cheti.