Volti 12 Zinapodanganya

Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 haikuujua ugonjwa wa pampu ya kuoshea kioo kunyamaza. Maji ya kuoshea kioo cha mbele yalisukumwa na upepo wa tairi la akiba. Hapakuwa na pampu wala waya. Land Rover Series III, iliyoundwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, ina pampu ya umeme. Mwenye gari hubonyeza swichi asisikie kitu, huambiwa pampu imekufa, hununua mpya, na kimya kinabaki kilekile.

Pampu hufa, ndiyo. Lakini kwa gari la umri huo, wa kushukiwa kwanza ni viungo vya waya.

Kabla ya kufungua chochote, fundi atege sikio. Pampu ikinguruma na maji hayatoki, umeme hauna kosa: atafute mpira uliopasuka au vitundu vilivyoziba. Ikiwa kimya, afuate rangi. Magari ya Kiingereza ya enzi hiyo yalikuwa na utaratibu wa pamoja: waya wa kijani hubeba umeme uliokwisha kupita kwenye fyuzi, wa kijani hafifu wenye mstari mweusi hutoka swichi ya maji kwenda kwenye pampu, na mweusi huishia kwenye bodi. (Vumbi na joto hufanya kijani zote mbili zifanane, kwa hiyo kitambaa chenye maji huja kabla ya kipimo.)

Hapa ndipo maltimita huwapotosha wengi. Waya ukichomolewa kwenye pampu na kupimwa, husoma volti 12, na fundi huapa kwamba umeme unafika. Maltimita hainywi umeme wa maana, pampu hunywa. Tuseme inataka ampea 3, yaani ukinzani wake ni kama omu 4. Kiungo chenye kutu kikiongeza omu 2 tu, pampu hubakiwa na volti 8. Kutu ikizidi, haizunguki kabisa. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika huchukuliwa waya ukiwa umechomekwa na swichi imebonyezwa. Asiyependa hesabu afunge balbu ya breki ya wati 21 mahali pa pampu: iking'aa sawasawa, njia ni nzima, ikififia, kuna kiungo kinachokula umeme.

Kipi? Ncha moja ya maltimita huwekwa kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya mweusi pale pampuni, swichi ikiwa imebonyezwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kosa liko upande wa bodi. Series III husumbuka sana hapa, maana paneli zake nyingi ni za aluminiamu zilizofungwa kwenye chuma, na metali hizo zikikutana penye unyevu huliana. Msasa, skrubu mpya na grisi kidogo mara nyingi humaliza kazi. Upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo, kiungo kimoja baada ya kingine.

Fyuzi nayo ina mtego wake. Ile ya kioo ya kampuni ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini huhimili 17 tu kwa mfululizo. Fyuzi ya kisasa yenye namba hiyohiyo huhimili zote 35, na waya mkongwe unaweza kuungua kabla haijakatika.