Punda milia wa Kibara wanahitaji macho yetu

Kila mkazi wa mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, anaujua mwaka 1939. Ndipo mapadri wa Kibenedikto walipoanzisha timu ya soka ambayo leo ni TP Mazembe, yenye uwanja wake katika mtaa huu na jezi yake ya milia nyeusi na nyeupe. Wachache wanajua kwamba mwaka uleule serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Upemba, kaskazini mwa Lubumbashi, na kwamba huko, juu ya uwanda wa Kibara, ndiko wanakoishi punda milia wa mwisho wa porini katika Kongo nzima. Hata jina la mtaa linasikika huko: bonde la maziwa na vinamasi lililo chini ya uwanda huo huitwa pia Bonde la Kamalondo. Wanyama hao sasa wanahesabiwa kwa mamia, si kwa maelfu. Watu wengi wanapofikiria kuwaokoa hufikiria kwanza bunduki ya mlinzi, na kweli inahitajika. Lakini kuwatazama kwa subira, mwaka hadi mwaka, ndiyo kazi inayotangulia nyingine zote, nayo inastahili fedha na heshima sawa na doria.

Sababu iko katika maisha ya mnyama mwenyewe. Punda milia akionekana kwa mbali ni kundi tu. Akitazamwa kwa muda mrefu, kundi hilo hugawanyika kuwa familia. Mjerumani Hans Klingel, aliyewachunguza Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, aliwatambua mmoja mmoja kwa milia yao, kwa kuwa hakuna wawili wenye milia sawa. Akaonyesha kwamba familia ina dume mmoja, majike wachache na watoto wao, na kwamba majike hubaki pamoja miaka mingi, hata dume akifa na mwingine akashika nafasi yake. Madume wasio na majike huishi kwa makundi yao. Jike hubeba mimba kwa mwaka mzima au zaidi kidogo na huzaa mtoto mmoja. Kwa hiyo jike mmoja akinaswa kwenye mtego wa waya, hasara haiishii kwenye nyama iliyouzwa sokoni: familia imepoteza miaka ya uzazi isiyorudishwa kwa haraka. Ndiyo maana idadi peke yake hudanganya. Kundi la ishirini wasio na watoto linakufa polepole, na kundi la kumi na wawili lenye watoto wanne lina kesho. Tofauti hiyo huiona tu yule anayerudi kuwatazama walewale, akiwa na picha za milia yao mkononi.

Historia ya Upemba inaonyesha gharama ya kutotazama. Kati ya 1946 na 1949, ujumbe wa wanasayansi ulioongozwa na Gaston-François de Witte ulikusanya viumbe vya hifadhi hiyo kwa maelfu, na kazi yao bado inatumika. Vita vya Kongo vilipokuja, macho yalifumbwa. Eneo la Katanga lililo kati ya Mitwaba, Pweto na Manono likapewa jina la pembetatu ya kifo. Mwaka 2004 wanamgambo wa Mai-Mai wakashambulia makao makuu ya hifadhi pale Lusinga na kuua watu. Walinzi waliokuwa wakiokoa maisha yao wasingeweza kuhesabu wanyama, na majangili waliwinda bila shahidi. Tangu 2017 taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN, inaiendesha Upemba pamoja na shirika la Forgotten Parks. Kazi hiyo isipojengwa juu ya kuwatazama na kuwahesabu wanyama kila mwaka, hatutajua kama inafaulu.

Wapo watakaosema kwamba Serengeti ina punda milia zaidi ya laki moja, hivyo wakiisha hapa tutaleta wengine. Lakini wageni hawaji na ujuzi wa mahali. Wa Kibara wanajua nyasi za uwanda huo, maji yake na njia zake wakati wa ukame na mioto ya nyika. Wengine watauliza kwa nini Katanga yenye njaa itumie fedha kwa mnyama asiyeliwa kihalali wala kuuzwa kama shaba. Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba maji ya Kibara hushuka hadi Lufira, Lualaba na maziwa ya Upemba, na samaki wa maziwa hayo ni kitoweo cha bukari, yaani ugali, katika nyumba nyingi za Katanga. Uwanda unaolindwa kwa ajili ya punda milia ndio uleule unaotunza chemchemi. Tena Marekani inatufundisha kwamba hesabu huhitajika hata baada ya ushindi. Farasi wa porini wa huko, mustang, walichinjwa kwa ajili ya chakula cha mbwa mpaka Velma Johnston wa Nevada alipopigania sheria iliyowalinda, ikapitishwa mwaka 1971. Leo wako makumi ya maelfu, na ubishi ni kama malisho yanawatosha. Huko wanagombania wingi, hapa tunaogopa uchache, na pande zote mbili hazina pa kusimama bila mtu aliyekwenda kuhesabu.

Basi serikali ya mkoa, vyuo vikuu vya Lubumbashi na kampuni za migodi zisaidie kuwepo kwa kikosi cha kudumu cha watazamaji, vijana wa vijiji vya Mitwaba wakiwa wa kwanza kuajiriwa. Na walimu wa Kamalondo wawafundishe watoto kwamba milia wanayoishangilia uwanjani ina wenyewe, wangali hai, juu ya Kibara.